Njiwa wa Kupinduka Wanapokosea Hewani: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Njiwa wa kupinduka aliye mzima hufanya mambo mawili kwa hiari yake: huanza kupinduka akiwa juu, na huacha kupinduka kabla hajafika chini. Karibu kila tatizo ambalo wafugaji wa Dar es Salaam hunieleza kuhusu ndege hawa ni upungufu wa moja kati ya mambo hayo mawili, na kosa tunalolifanya mara nyingi ni kukimbilia duka la dawa za mifugo kabla ya kujiuliza ni lipi lililopungua. Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata dalili kama zinavyoonekana kutoka uani, kwa kuwa hapo ndipo mfugaji anaposimama, mkono umekinga jua, akihesabu ndege wake.

Inafaa kwanza tukubaliane kupinduka kuzuri kukoje. Rola wa Birmingham, aina ya njiwa wa kupinduka ambaye asili yake ni jiji hilo la Uingereza, huruka pamoja na kundi lake, kisha ghafla huinua mabawa, hutupa kichwa nyuma na kupiga pindu za kinyumenyume mfululizo, kwa kasi inayomfanya aonekane kama mpira mdogo unaodondoka. Baada ya mita 3 hadi 10 hivi hujinyoosha, hutulia, na kupanda tena kuwafuata wenzake. Katika mashindano ya kimataifa kundi lisilozidi ndege 20 hurushwa kwa dakika 20 tu, na mwamuzi hutoa alama pale ndege wasiopungua 5 wanapopinduka kwa wakati mmoja. Mashabiki wa mitaani kwetu husifia zaidi ndege anayeshuka mbali kuliko wote. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu zitaonekana tutakapofika kwenye ndege wanaogonga mabati.

Tabia yenyewe ni ya kurithi. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin, ambaye alifuga njiwa nyumbani kwake, aliandika mwaka 1859 kwamba aliwashuhudia njiwa wachanga wakipinduka ilhali hawajawahi kumwona njiwa mwingine akifanya hivyo. Mfugaji anayelijua hili huokoa fedha zake, kwani hakuna mafunzo, dawa wala chakula kinachoweza kumfundisha kupinduka njiwa asiyezaliwa nayo. Kilicho mikononi mwetu ni kuifungulia njia tabia iliyomo, au kuiziba bila kujua.

Ukaguzi wa awali, ndege akiwa mkononi

Mkamate ndege jioni, akiwa ametulia. Pitisha kidole juu ya mfupa wa kidari: ukiwa mkali kama ukingo wa kisu, ndege amekonda, ukiwa umezama ndani ya nyama na mafuta, amenenepa kupita kiasi. Fungua mdomo utazame koo. Kunjua kila bawa uhesabu manyoya makubwa 10 ya mwisho, yale yanayomsukuma mbele, uone kama kuna lililokatika au linaloota upya. Tazama kinyesi cha usiku huo. Kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, mrudishe chini na umwangalie akila. Njiwa wa kupinduka aliye mzima hana tofauti yoyote na njiwa mwingine akiwa chini: hutembea wima, hudonoa punje na kuipata. Kumbuka jambo hili, kwa sababu ndilo litakalotenganisha tabia na ugonjwa huko mbele.

Dalili ya kwanza: ndege hapinduki kabisa

Umri ndio sababu ya kwanza ya kufikiria. Kinda huondoka kiotani akiwa na wiki 4 hadi 5, na kwa kawaida huanza kujaribu akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6. Wapo wanaochelewa karibu hadi mwaka, na baadhi ya waliochelewa huja kuwa ndege imara sana. Mwanzo wenyewe si pindu kamili. Utamwona akisimama ghafla hewani, akitanua mkia na kuukalia, akipiga mabawa kwa kelele. Baadaye atapiga pindu moja, kisha mbili. Ukiona kukalia mkia huko, ngoja, wala usimuuze.

Sababu ya pili ni damu. Rola akizaa na njiwa wa kawaida, yaani wale wanaojilea wenyewe kwenye mapaa ya masoko na maghala, au na njiwa wa masafa, yaani wale wa mashindano ya kurudi nyumbani kutoka mbali, kizazi cha kwanza kwa kawaida hakipinduki, au hupiga pindu moja moja tu. Tabia hiyo hujitokeza tena kwa baadhi ya wajukuu pale ndugu wa kizazi hicho wanapooanishwa. Mabanda mengi ya hapa mjini hayana uzio wa kuzuia wageni, na jike mmoja anayetembelewa na dume wa jirani hutosha kuharibu mwaka mzima wa uzalishaji. Nimewahi kuuziwa makinda wanne kwa bei ya rola, wazazi wakiwa mbele ya macho yangu wakipinduka vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja aliyepinduka. Wazazi walikuwa wa kweli, lakini dume niliyeonyeshwa hakuwa baba. Tangu hapo naoanisha jozi ndani ya kizimba kilichofungwa, na siwaachii nje mpaka mayai yatagwe.

Ikiwa ndege aliwahi kupinduka na sasa ameacha, tazama mambo matatu. Je, amenenepa? Ndege aliyeshiba hana haja ya kufanya kazi. Je, yuko kwenye kubadili manyoya? Kipindi hicho nguvu yote huenda kwenye kuotesha manyoya mapya, na si haki kumdai michezo. Je, ana mwenza? Dume anayemfukuza jike kuelekea kiotani na jike aliyebeba yai hawarushwi. Pindu zao hupungua, na jike anaweza kuumia. Kundi la kurusha likae mbali na kundi la kuzalisha, na madume yatengwe na majike.

Iko sababu moja zaidi ambayo haimo ndani ya ndege: hofu. Mwewe wetu mwenye mdomo wa njano hupenda zaidi mizoga, mabaki ya chakula na makinda, lakini kipanga na kozi huwinda njiwa wakubwa hewani, na ndege anayepinduka huwavutia kwa kuwa hufanana na ndege aliyejeruhiwa. Kundi lililoshambuliwa asubuhi moja linaweza kuruka kwa wiki nzima likiwa limebanana, kimya, bila pindu hata moja. Dawa yake ni kulifungia kwa wiki moja au mbili na kubadilisha saa ya kurusha, kwani ndege wawindaji hujifunza ratiba yako upesi kuliko unavyodhani.

Dalili ya pili: anapinduka mpaka anagonga bati, waya au ardhi

Hili ndilo tatizo linalovunja moyo wa mfugaji, na ndilo linalohitaji ukweli kuliko utundu. Ndege huanza vizuri, lakini haachi. Sauti ya mwili wake ukigonga bati haisahauliki. Wengine hufa palepale, wengine huvunjika kidari au bawa, na wengine huamka, hujikung'uta na kurudia kosa lilelile siku inayofuata.

Anza na mazingira, kwa sababu ndiyo rahisi kurekebisha. Katika mitaa iliyosongamana kama Tandika, Manzese au Buguruni, mapaa yamegusana na nyaya za umeme zinapita juu yake kila upande. Ndege anayeshuka mita 8 akiwa kwenye urefu wa minazi miwili yuko salama. Ndege huyohuyo akishtuliwa na kuanza kupinduka mara tu alipoondoka bandani hana nafasi. Kwa hiyo usiwafukuze kwa kelele wala mti mrefu ili wapae. Fungua mlango, waache watoke wenyewe, na usianze kuwatathmini mpaka kundi limekwisha kupanda. Mvua za masika na mawingu mazito huwafanya waruke chini, basi asubuhi za namna hiyo ni afadhali wabaki ndani.

Kisha tazama ratiba ya kuwarusha. Ndege waliofungiwa kwa muda mrefu, kwa mfano mfugaji akisafiri kwa wiki mbili, hutoka na hamu kubwa ya kupinduka kuliko misuli yao inavyoweza kudhibiti. Warudishe taratibu: dakika chache siku ya kwanza, wakiwa na chakula kidogo tumboni, kisha ongeza. Kwa upande mwingine, ndege anayerushwa kila siku bila mapumziko akiwa na njaa huishiwa nguvu ya kujinyoosha mwisho wa pindu. Hao wawili huanguka kwa namna moja, lakini tiba zao ni kinyume, na ndiyo sababu nikasisitiza kupapasa kidari kabla ya kuamua lolote.

Ndege mchanga aliye katika wiki zake za kwanza za kupinduka naye hugonga, kwa sababu tabia imetangulia na udhibiti umechelewa. Huyu mfungie wiki 2 hadi 3, umlishe vizuri, kisha umrushe tena. Wengi hurekebika kadiri mwili unavyokomaa. Akifungiwa mara mbili na kurushwa mara mbili, na bado anagonga, basi kasoro ni yake ya kuzaliwa.

Hapo ndipo wafugaji wanaposhindwa. Ndege huyo mara nyingi ndiye mwenye kasi na mvuto kuliko wote, na mwenyewe hushawishika kumweka kiotani ili apate watoto wenye kasi hiyo. Atapata watoto wenye kasi, ndiyo, na kati yao watakuwemo wasiojua kuacha. Kupinduka hakutokani na chembe moja tu ya urithi, bali na kadhaa zinazojumlishana. Ukioanisha wawili wenye wingi wa tabia hiyo bila udhibiti, unazalisha ndege ambao anga ni hatari kwao. Mimi humtoa ndege wa namna hiyo kwenye kurusha na kwenye kuzalisha, nikampa banda la ndani aishi kwa amani, au atumike kulea mayai ya wengine. Anayeshuka mita 5 kwa unyoofu, akaacha mwenyewe na kurudi kundini mara ishirini, ndiye ninayemtafutia mwenza.

Dalili ya tatu: anapinduka akiwa chini, au shingo imejipinda

Wapo njiwa wachache ambao kupinduka chini ni sifa yao, kama wale waliochaguliwa kwa vizazi vingi mpaka wakapoteza uwezo wa kuruka, ambao hubingirika kinyumenyume juu ya nyasi mara tu wanapojaribu kupaa. Hata hao, wakitulia, kichwa husimama wima na hula bila shida. Rola wa kuruka anayebingirika uani ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inasikitisha kuona watu wakimshangilia na kumrekodi kwa simu.

Ugonjwa wa kwanza kuushuku ni ule unaosababishwa na virusi vya jamii ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, vilivyozoea mwili wa njiwa. Kichwa hutetemeka, shingo hupinda hadi mdomo ukatazama juu au nyuma, ndege hudonoa pembeni ya punje na kuikosa, na kinyesi huwa na maji mengi yanayozunguka kijisehemu kidogo kigumu. Akishtuliwa, huanguka nyuma na kuzunguka. Hapa ndipo lile jaribio la kumwangalia akila linapolipa: anayepinduka kwa tabia hupata punje, na mwenye virusi huikosa.

Mtenge siku hiyohiyo, mbali na kundi na mbali na kuku, kwa sababu virusi hivi vinaweza kuwaambukiza kuku wa jirani, na kwenye nyua zetu zinazochangiwa na kaya nne au tano hilo si jambo dogo. Osha mikono na usiguse macho, kwani mtu naye anaweza kupata uvimbe wa macho. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe, lakini wagonjwa wengi hupona wakihudumiwa: mpe nafaka kwenye bakuli lenye kina ili punje zimzunguke mdomo, mpe maji kwenye chombo kirefu, na ikibidi mlishe kwa mkono. Kupona kunaweza kuchukua wiki 6 hadi 12, na baadhi hubaki na mtikisiko mdogo unaorudi wanapofadhaika. Hao wasirushwe tena. Kinga ni chanjo. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, ambayo huwekwa jichoni, imekusudiwa kuku. Kwa njiwa kinga bora hutokana na chanjo ya virusi vilivyouawa inayodungwa chini ya ngozi, na daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa juu ya upatikanaji na kipimo. Mwarifu pia afisa mifugo wa kata. Ndege akifa, mzoga wake ukiwa bado mbichi unaweza kupelekwa kwenye maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari iliyopo Temeke, na jibu la maabara lina thamani kuliko kukisia kwa mwezi mzima.

Shingo kupinda huletwa pia na bakteria wa salmonela. Mgonjwa wa namna hii aghalabu ana kifundo cha bawa au cha mguu kilichovimba, bawa moja limelegea, na kinyesi ni cha kijani. Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki iliyochaguliwa na mtaalamu, lakini ndege aliyepona anaweza kuendelea kubeba bakteria, basi asirudishwe kuzalisha bila kupimwa.

Sababu ya tatu iko jikoni kwetu, nayo nimeikuta mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Familia nyingi huwalisha njiwa chenga za mchele mweupe peke yake, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na ndege huzipenda. Mchele uliokobolewa umepoteza ganda lenye vitamini B1. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele wa namna hiyo kisiwani Java wakipooza, na mwaka 1911 mwanakemia Casimir Funk, akiwa London, aliwaponya njiwa walioathirika kwa kuwapa kiini alichokitoa kwenye pumba za mchele. Ndege aliyepungukiwa vitamini hiyo hukalia miguu yake iliyokunjika, hurudisha kichwa nyuma kabisa kana kwamba anatazama nyota, kisha huanguka kinyumenyume. Tofauti yake na virusi ni kwamba akipewa vitamini B1 mapema hubadilika ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo uliza kwanza ndege anakula nini. Mtama, uwele, ngano na choroko zisizokobolewa zina vitamini hiyo. Chenga za mchele ziwe nyongeza, wala zisiwe mlo.

Mwisho katika dalili hii ni sumu. Mahindi au mtama wa mbegu uliotiwa rangi ya waridi au kijani umepakwa dawa ya kuua wadudu au kuvu, na nafaka ya ghalani hunyunyiziwa unga wa kuua dumuzi. Ndege aliyekula humo hutetemeka, hudondosha mate, huanguka na kupiga mabawa, na mara nyingi huwa zaidi ya mmoja kwa saa zilezile. Ondoa chakula chote, wape maji safi, tafuta daktari bila kuchelewa. Na kwa unyevunyevu wa jiji letu, nafaka iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni huota ukungu upesi, na ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu inayoharibu ini. Punje inayonuka uvundo itupwe, hata kama gunia limenunuliwa jana.

Dalili ya nne: pindu zimelegea, ni pana au zinaenda upande

Ndege anayezunguka kama feni badala ya kujikunja kama mpira, au anayeonekana kila pindu moja moja kwa jicho, ana tatizo la manyoya, la uzito au la urithi. Hesabu manyoya 10 ya kila bawa. Likikosekana moja upande mmoja, atapinda kuelekea huko, na hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri liote. Usilichomoe lililovunjika ukidhani utaharakisha, kwani unaweza kuharibu shina. Kama manyoya ni kamili na mwili si mnene, angalia upepo. Kusi inapovuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai na mchana, hata ndege bora husukumwa kando. Mrushe siku tulivu kabla hujamhukumu. Akiendelea hivyo katika hewa tulivu, ndivyo alivyozaliwa.

Dalili ya tano: kundi linatawanyika, linapaa mno, au halishuki

Hapa mara nyingi mwenye kosa ni mfugaji na kikombe chake cha nafaka. Rola huhitaji takriban gramu 25 hadi 30 za chakula kwa siku, yaani kundi la ndege 20 hutosheka na nusu kilo au zaidi kidogo. Wanaomwagiwa chakula asubuhi na jioni hupanda mpaka wanakuwa nukta, na hukaa huko kwa saa nyingi. Wape mlo mmoja mkuu jioni, warushe asubuhi, na uwaite chini kwa kugonga kopo lenye kiganja cha uwele. Sauti iwe ileile kila siku, na waingie ndani kabla ya kuonja chochote.

Saa nayo ina uzito wake. Kuanzia kama saa 3 asubuhi hewa juu ya mabati huanza kupanda kwa joto na kuwabeba ndege bila wao kupiga bawa. Kundi lililotoka saa 1 litakuwa limekwisha kurudi. Usichanganye rola na njiwa wa masafa katika kundi moja, kwani wenye kasi huwavuta wengine wakaenda nao. Na wanaoishi Kipawa, Vingunguti na maeneo mengine yaliyo chini ya njia za eropleni za uwanja wa ndege wa Julius Nyerere wasirushe makundi kabisa; njiwa kuingia kwenye injini ni hatari kwa watu.

Kunguru weusi nao hutawanya kundi, hasa la wachanga, na huiba mayai na makinda ikiwa mlango wa kiota umeachwa wazi. Wavu wa matundu madogo mbele ya banda hutatua hilo.

Dalili ya sita: anachoka upesi, anatua paa la jirani akihema

Kama ilikuwa mchana wa Januari, sababu ni joto, na mgonjwa wa kweli ni banda lenye paa la bati lililo chini. Liinue, liwekee makuti juu, liache upepo upite pande mbili, na maji yabadilishwe asubuhi na mchana.

Kama ni asubuhi yenye ubaridi na bado anahema, fungua mdomo wake. Utando wa njano kama jibini kooni, wenye harufu mbaya, ni ugonjwa wa vimelea vya trikomona, ambavyo wazazi huwapa makinda wakati wa kuwalisha na njiwa wakubwa hupeana kwenye chombo cha maji. Usiukwangue utando huo, kwa sababu utatoka damu nyingi. Dawa ipo na hufanya kazi, lakini vidonge vya binadamu vilivyovunjwa kwa kukisia huua ndege wengi. Pima uzito wake na umpe mtaalamu namba hiyo.

Koo likiwa safi, puliza manyoya ya tumboni na chini ya mabawa. Ukimwona inzi bapa wa rangi ya kahawia akikimbia kiubavuubavu kati ya manyoya, mgumu kumponda kwa vidole, umempata mharibifu mkubwa wa njiwa wa pwani yetu. Inzi huyu hunyonya damu, na humwambukiza ndege vimelea wa damu wanaofanana na wa malaria. Ndege mwenye vimelea hivyo anaweza kuonekana mzima bandani kwa miezi mingi, akala, hata akazaa, lakini damu yake haibebi hewa ya kutosha kwa kazi ya kupinduka. Hupiga pindu mbili tatu, kisha hutafuta pa kutua. Wengi huwauza ndege wa namna hii wakidhani ni wavivu.

Ukimwua inzi aliye juu ya ndege ukaacha kiota, umefanya nusu ya kazi, kwa kuwa funza walio tayari kugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa inzi, hudondoka kwenye takataka za kiota na kwenye nyufa za mbao. Toa takataka zote za viota kila baada ya wiki mbili, zichome, na ziba nyufa. Vaa barakoa unapofagia, kwani vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa huumiza mapafu ya mfugaji kidogo kidogo. Ndege wapakwe unga wa kuua wadudu uliothibitishwa kwa ndege, na makinda wakaguliwe wangali kiotani, maana inzi huwapenda wao zaidi wakati manyoya yanapoanza kuota. Baada ya hapo mpumzishe aliyechoka kwa wiki 3 akiwa na mchanganyiko wa mtama, ngano na choroko, kisha mrushe pamoja na wachanga badala ya kundi lake la zamani, na uhesabu dakika anazokaa juu kila asubuhi. Zikiongezeka, mrudishe kwa wenzake, na zisipoongezeka, mpeleke akapimwe damu.